Kupiga Picha Meli Iliyozama Mita 50 Chini: Mwongozo Kamili kwa Mzamiaji wa Teknikali

Picha ninazoletewa na wazamiaji wanaotaka ushauri zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Maji ya kijani yaliyofifia, madoa meupe kila mahali kama mtu kamwaga unga, na nyuma kabisa kivuli ambacho mwenye picha anasema ni meli. Mtu huyo ameshuka mita 50, ametumia heliamu ya bei kali, amening'inia kwenye kamba nusu saa kabla ya kuibuka ili gesi itoke mwilini taratibu, na alichorudi nacho ni kivuli.

Mara nyingi kamera yake ni nzuri kuliko yangu. Kosa lake ni kwamba alishuka kwenda kutafuta picha. Kwenye kina hicho muda wa kutafuta haupo. Unashuka kuchukua picha moja ambayo tayari umeichora kwenye karatasi ukiwa nchi kavu, na kila kitu kingine, kuanzia gesi hadi mahali pa flashi, kinapangwa kwa ajili ya picha hiyo moja.

Meli ya mfano humu ni Rosalie Moller, iliyozamishwa na ndege za Ujerumani tarehe 8 Oktoba 1941 karibu na kisiwa cha Gubal, upande wa Misri wa Bahari ya Shamu, ikiwa na shehena ya makaa ya mawe. Nimeichagua kwa sababu imekaa wima kwenye kina cha kama mita 50, tezi yake (sehemu ya nyuma) bado ina rafadha (pangaboi la kusukuma meli) na usukani, na maji yake huwa na ukungu kuliko sehemu nyingi za bahari hiyo. Ukipata picha safi pale, utaipata kwingine.

## Kabla hujaendelea

Mwongozo huu haushiki nafasi ya kozi. Lazima uwe na cheti cha trimiksi, yaani gesi ya kupumua iliyochanganywa oksijeni, heliamu na naitrojeni. Kwa TDI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, kwa mfano, trimiksi ya kwanza inakufikisha mita 60 na ya juu mita 100. Kama cheti chako kinaishia mita 40, soma, kisha fanya mazoezi ya kamera kwenye meli za kina kifupi. Huku kwetu zipo. Great Northern, meli ya kutandika nyaya iliyozama Zanzibar mwishoni mwa 1902, iko kwenye mita kama 12 tu. Dania ilizamishwa makusudi mbele ya Bamburi, Mombasa, mwaka 2002 ili samaki wapate makao, na inafaa sana kwa kujifunza kupiga picha kitu kikubwa kuliko lenzi yako.

## Vifaa

Vya kuzamia:

- Mitungi pacha ya lita 12, regulata 2, na valvu ya katikati inayofungika
- Mtungi wa naitroksi (oksijeni na naitrojeni) yenye oksijeni asilimia 50 na mtungi wa oksijeni, kila mmoja umeandikwa kina chake kwa herufi kubwa
- Kompyuta 2 za trimiksi, na mpango umeandikwa pia kwenye kibao
- Rili 2, boya la kutuma juu, visu 2 (kimoja kiwe mahali ambapo mkono wa kushoto unafika)
- Tochi kubwa 1 na za akiba 2

Vya picha:

- Kamera inayotoa faili ghafi za RAW, lenzi pana sana (yangu ni fishai, inayoona karibu nusu duara) na kuba ya kioo mbele yake
- Kasha la kamera lisilopitisha maji, lililothibitishwa kwa kina unachokwenda. Soma maandishi yake: mengi ya bei nafuu yanaishia mita 40 au 60
- Flashi 2 zenye mikono mirefu
- Tochi ya video 1 atakayobeba mwenzako
- Kamba fupi yenye klipu 2 za chuma. Klipu za plastiki ziache nyumbani

Na mtu mmoja: mwenzako anayejua picha unayoitaka. Bila yeye, panga mzamio wa kutazama tu.

## Hatua ya 1: Chora picha

Chukua penseli. Hakuna anayekudai uchoraji mzuri. Chora tezi ya meli, rafadha chini, usukani nyuma yake, na mwenzako amesimama majini upande wa kushoto, tochi yake ikimulika kwenye mabamba ya rafadha. Andika pembeni: kina, umbali wako kutoka kwenye chuma, jua litatokea wapi saa hiyo, na flashi zitatumika au hazitatumika.

Faida ya karatasi ni kwamba inakulazimisha kujibu maswali ambayo chini ungeyajibu kwa gesi. Rafadha ya Rosalie Moller iko karibu na sakafu ya bahari, kwa hiyo picha hii ndiyo ya kina kikubwa kuliko zote kwenye meli ile. Maana yake inapigwa kwanza, kabla hujapanda sitahani.

Chora na picha ya pili, ya akiba, kwenye kina kifupi zaidi. Mlingoti unafaa. Mkondo ukikataa tezi, hutarudi mikono mitupu na wala hutashawishika kulazimisha.

Utajua hatua hii imekamilika mwenzako akiweza kuichora picha ileile bila kuiangalia yako.

## Hatua ya 2: Ruhusa na heshima

Uliza mapema nani mwenye mamlaka juu ya meli hiyo. Britannic, iliyolala kama mita 120 chini karibu na kisiwa cha Kea, haizamiwi bila kibali cha serikali ya Ugiriki. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Mkataba wa UNESCO wa 2001 unahesabu kuwa urithi chombo kilichokaa majini angalau miaka 100, na unapendelea kiachwe palepale kilipo.

Kwenye Rosalie Moller walikufa mabaharia 2. Usichukue kitu, usisogeze kitu ili picha ipendeze. Kikombe kilichohamishwa kutoka chumba cha mpishi na kuwekwa kwenye reli ya sitaha ni uongo, na atakayekuja baada yako ataupiga picha akidhani ni ukweli.

## Hatua ya 3: Gesi

Hapa ndipo watu huniandikia "hesabu ninazijua", halafu nikiomba kuziona hazipo.

Anza na mchanganyiko. Wengi wanadhani heliamu ni ya kuzuia ulevi wa naitrojeni tu. Ina kazi nyingine ambayo kwa mpiga picha ni kubwa vilevile: inaipunguzia gesi uzito. Gesi nzito hupita kwa shida kwenye mapafu, hewa ukaa inajikusanya mwilini, unaanza kuhema, na kuhema hakuiondoi. Pendekezo linalofuatwa siku hizi ni gesi isizidi gramu 5.2 kwa lita, na 6.2 iwe ukuta usiovukwa. Hewa ya kawaida inafika 5.2 ukiwa mita 30 tu. Ukiipeleka mita 50 inakaribia 7.8.

Linganisha michanganyiko 2 kwenye mita 50:

- 21/35 (oksijeni 21, heliamu 35): uzito kama gramu 5.5 kwa lita
- 18/45: uzito kama gramu 4.8, na shinikizo la oksijeni ni bar 1.08

Ya kwanza ni nafuu mfukoni. Mimi nachukua ya pili bila kusita, kwa sababu mpiga picha anafanya kazi chini: anashikilia kasha zito, anapiga mapezi dhidi ya mkondo ili asitoke kwenye fremu, anafikiri mambo 4 kwa wakati mmoja.

Sasa kiasi. Kwanza tenga gesi ya kuwatoa watu 2 mkiwa kwenye mtungi mmoja. Mtu mwenye hofu mpe lita 30 kwa dakika, kwa hiyo wawili ni 60. Kwenye mita 50 shinikizo ni bar 6:

- Dakika 2 za kutulia na kupeana regulata: 60 × 6 × 2 = lita 720
- Dakika 4 za kupanda hadi mita 21, mnapobadilisha kwenda naitroksi, wastani wa bar 4.5: 60 × 4.5 × 4 = lita 1,080
- Jumla lita 1,800. Gawa kwa lita 24 za mitungi pacha: bar 75. Andika 80.

Ukianza na bar 200, una bar 120 za kutumia, yaani lita 2,880. Ukipumua lita 20 kwa dakika juu ya maji, chini ni 120, kwa hiyo karatasi inakupa dakika 24. Usizipange zote. Nikiwa na kamera napanga dakika 18 tangu nilipoondoka juu, kwa sababu nimejipima mara nyingi na najua kamera inanifanya nipumue zaidi. Jipime na wewe: mizamio 5 ya mita 20 bila kamera, 5 ukiwa nayo, uandike tofauti.

Hesabu hii ni ya nje ya meli. Kuingia ndani kunataka kanuni ya theluthi (theluthi ya gesi kuingia, theluthi kutoka, theluthi akiba) na kamba isiyokatika hadi mlangoni, na picha yako ya kwanza ya kina isiwe ya ndani.

Kwa wanaotumia ribrida, kifaa kinachosafisha pumzi na kuirudisha kwa mzamiaji: hongera, mapovu yenu hayaangushi kutu. Lakini gesi ya kutorokea ihesabuni hivihivi.

## Hatua ya 4: Funga kasha ungali na akili tulivu

Kasha lifungwe usiku uliotangulia au asubuhi chumbani, kwenye ubaridi wa kiyoyozi. Likifungwa sitahani kwenye joto la saa 4, hewa yenye unyevu inabaki ndani, na ukifika chini kwenye ubaridi kuba inapata ukungu ambao hauna tiba. Weka pakiti ya kukausha unyevu.

Toa oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji kuingia kwenye kasha, ipitishe taratibu kati ya vidole 2 ukiwa umefumba macho. Kidole kinaona unywele ambao jicho halioni. Grisi iwe ya kung'arisha tu. Ikionekana nyeupe imezidi, nayo hukusanya mchanga.

Vuta vakyumu, yaani toa hewa ndani ya kasha kwa pampu, iache saa 1 nzima, usome geji tena. Sindano ikiwa palepale, umefaulu.

Bado kuna jambo moja ambalo vakyumu haiwezi kukuonyesha. Kwenye kina, maji yanabonyeza kila kitufe cha kasha, na springi chovu hushindwa kukirudisha. Nilipatwa na hilo kwenye mita 48: nilibonyeza kufyatua, kitufe kikashuka na kubaki huko huko, kamera ikapiga picha 30 za mchanga huku nikihangaika nacho kwa kidole gumba chenye glavu. Tangu siku ile kasha linakwenda kwenye kina likiwa tupu kwanza, limefungwa kwenye kamba ya boti, kabla kamera haijaingia ndani.

## Hatua ya 5: Chagua aina moja ya mwanga

Soma hatua hii mara mbili. Picha nyingi mbovu ninazoziona zimeharibikia hapa.

Maji hula rangi. Nyekundu inafifia ndani ya mita chache za mwanzo, rangi ya chungwa inafuata, kisha njano. Kwenye mita 50 kutu ni kijivu na damu ni kijani. Rangi hairudi kwa kurekebisha kamera kwa sababu hakuna cha kurekebisha. Unakuja nayo kwenye flashi au unaishi bila yake.

Flashi nayo inafanya kazi vizuri kama mita 1 hadi 1.5 mbele yako. Mwanga unakwenda na kurudi, na rangi inaliwa safari zote mbili. Kwa hiyo zipo picha za aina 2:

Picha ya karibu. Usukani wa chuma wa daraja, valvu, samaki kwenye dirisha. Chini ya mita 1.5. Flashi zinawaka.

Picha ya mbali. Tezi nzima, omo, mlingoti. Mita 4 na kuendelea. Flashi zimezimwa kabisa. Unatumia mwanga wa jua uliobaki, na picha itamalizikia kuwa nyeusi na nyeupe.

Kosa ni kuzichanganya. Mtu yuko mita 6 kutoka kwenye rafadha na flashi zinawaka. Mwanga haufiki kwenye rafadha hata kidogo. Unafika kwenye kila chembe inayoelea kati yake na chuma, na kila chembe inang'aa. Ule ndio unga uliomwagwa.

Kwa picha ya mbali anzia hapa: ISO 1600 hadi 3200, f/5.6, 1/60. Punguza mwangaza wa skrini, la sivyo utaiamini kumbe picha ni giza. Tazama grafu ya mwanga.

Kwa picha ya karibu, vuta flashi nje kila upande na uzirudishe nyuma ya kuba, zikitazama mbele au zikigeuka nje kidogo. Usizielekeze katikati. Unataka kingo za mwanga ziguse kitu huku maji yaliyo mbele ya kioo yakibaki gizani.

Mazoezi yake hayahitaji heliamu. Ning'iniza jembe la zamani chini ya gati maji yakiwa na vumbi, lipige mita 1, mita 2, mita 4, flashi zikiwaka na zikizima. Picha 6 hizo zitakufundisha kuliko aya hizi zangu.

## Hatua ya 6: Siku na saa

Kwenye pwani yetu, kwepa bamvua na utafute maji mafu. Mkondo unapungua na vumbi linatulia. Zamia karibu na mwisho wa maji kujaa, maana ndipo maji safi ya nje yanakuwa yameingia. Kusi likivuma sana, ahirisha bila kujutia.

Bahari ya Shamu haina tofauti kubwa ya kujaa na kupwa kama yetu, lakini Gubal ina mikondo ya upepo na ya mlango wa bahari. Nahodha wa pale anaijua kuliko programu yoyote ya simu. Muulize, kisha nyamaza umsikilize.

Saa 5 hadi saa 7 mchana jua liko juu zaidi angani na ndipo tezi inapata mwanga mwingi zaidi.

Kunywa maji tangu jana yake. Kuna chumba cha tiba ya shinikizo wapi? Piga simu mwenyewe asubuhi hiyo ujue kama kinafanya kazi. Jibu la "kipo" kutoka kwa mtu wa hoteli halitoshi.

## Hatua ya 7: Kushuka

Mikono ya flashi iwe imekunjwa na kamera imefungwa klipu 2. Mikono yote iko huru kwa kamba ya kushukia.

Simameni mita 6, mkaguane mapovu: regulata, valvu, kasha. Kasha likitoa povu hata moja, mpe kamera mtu wa boti. Mzamio unaendelea bila picha, au unaisha.

Ukifika kwenye meli usifungue kamera. Tulia dakika 1. Tazama mkondo unaelekea wapi, soma geji, mtazame mwenzako machoni, angalia nyavu. Meli za zamani zimebeba nyavu za wavuvi, na uzi wa nailoni kwenye maji yenye ukungu hauonekani hadi umekushika kwenye valvu.

Pumzi ikiwa nzito baada ya dakika hiyo, hakuna picha leo.

## Hatua ya 8: Dakika 6 za picha

Nenda tezini ukielea angalau mita 2 juu ya mchanga. Piga mapezi kama chura, magoti yamekunjwa. Teke moja la juu na chini litanyanyua tope ambalo gesi yako haitoshi kulisubiri litue.

Msogelee mwenzako upande ambao mkondo unatoka mbele yako, ili vumbi lolote mtakalonyanyua lirudi nyuma ya kamera. Yeye anajua mahali pake. Mpe ishara, awashe tochi nyuma ya bamba la rafadha.

Ukiwa pale utaona kitu ambacho sijafanikiwa kukieleza vizuri kwa mtu asiyezamia. Rafadha inakuwa doa jeusi kwanza, halafu tochi inawaka nyuma yake na ukingo wa bamba unajichora mstari mmoja wa mwanga, na wale samaki wadogo wa kioo wanaojaa kwenye meli ile wanagawanyika kama pazia. Shusha pumzi. Bonyeza wakati wa kutoa pumzi, si wakati wa kuvuta, kwa kuwa kuvuta kunakunyanyua.

Piga 3. Tazama grafu. Badilisha ISO kama ni lazima. Piga 5 nyingine, mwenzako akisogea kidogo kila mara. Basi.

Soma geji kila baada ya picha 3, na mwambie mwenzako naye akuonyeshe ya kwake. Dakika zilizopangwa zikiisha huku picha haijapatikana, haijapatikana. Kunja mikono ya flashi, funga klipu, ondoka. Meli ipo pale tangu 1941.

## Hatua ya 9: Kupanda

Kamera haina kazi tena. Ibakie imefungwa hadi uwe umebadilisha gesi mita 21 na mwenzako amethibitisha: anasoma jina la gesi kwenye mtungi, anafuata mpira kwa mkono hadi mdomoni mwako, ndipo unavuta pumzi. Asilimia 50 ikivutwa kwenye mita 40 inaweza kuleta kifafa, na kifafa majini maana yake ni kuzama.

Oksijeni safi ni mita 6, si mita 7. Ukijiona unashuka kwa sababu unaangalia picha zako kwenye skrini, zima skrini. Kama mkono unachoka, ifunge kamera kwenye kamba ya kushukia boti iivute.

Ukitoka, kaa. Usipandishe mitungi mwenyewe ngazini, usikimbilie kompyuta. Ganzi, maumivu ya kiungo, uchovu usio wa kawaida: sema papo hapo, upewe oksijeni. Ndege ingoje saa 24.

## Hatua ya 10: Mezani

Kasha lilale kwenye maji baridi yasiyo na chumvi nusu saa, ukibonyeza kila kitufe. Kausha kabla ya kufungua, uso wake ukiwa chini ili tone lisidondokee ndani.

Nakili faili mara 2 kabla ya kuzitazama.

Picha ya mbali igeuze nyeusi na nyeupe kwanza, ndipo uongeze utofauti wa kivuli na mwanga. Ukiona nati za usukani zikihesabika na uso wa mwenzako ukitambulika kuwa uso, picha unayo. Chembechembe chache kwenye maji ziache. Ukizifuta zote, maji yanageuka plastiki.

Kwenye jina la faili andika tarehe, kina, sehemu ya meli na upande uliotazama. Ile karatasi ya penseli piga picha uiweke folda hiyohiyo. Kwa mzamio wa kesho utaitoa tena, uone rafadha uliichora upande gani na kwa kweli imekaa upande gani.